Nyekundu Iliyojiandika

Aliulizwa mara ya nne, na mara ya nne Sista Kemuma akajibu vilevile: skrini ilikuwa nyeupe.

Koplo Valarie Anyiko hakuandika. Jibu hilo alikuwa ameliandika Ijumaa jioni, akaliandika tena Jumamosi, na mtu mzima hawezi kuandika sentensi moja kila siku kama mwanafunzi aliyepewa adhabu. Aliweka kalamu chini akatazama dirishani. Ukungu wa Kebirigo ulikuwa umekaa mzito na mweupe, umemeza barabara, umemeza vibanda vya soko, umemeza hata mlingoti wa bendera uliokuwa hatua kumi tu kutoka hapo. Mahali fulani ndani ya weupe huo kanisa lilikuwa linaimba, na sauti ilikuja ikaenda, ikaja ikaenda. Anyiko alizaliwa kando ya ziwa, kwenye jua la kuchoma visigino, na miaka miwili ya kazi huku juu haikuwa imemzoesha. Kila asubuhi alitoka nje akahisi bado hajaamka.

Kesi yenyewe haikuwa ndefu. Ijumaa saa nane mchana, mama mmoja wa Ikonge aitwaye Nyamusi alifika kwenye zahanati ya Daktari Mogire na kidonda cha panga mguuni, kidonda kilichokwisha kuoza. Kemuma alikuwa peke yake zamuni. Alifungua kadi ya mgonjwa kwenye kompyuta, akasoma, akamdunga penisilini. Kabla hajatupa sindano, Nyamusi alikuwa amevimba midomo na kushika koo. Kemuma ndiye aliyemdunga sindano ya pili ya kumrudisha, ndiye aliyesimamisha gari barabarani kwa mikono yake miwili, na jioni hiyohiyo ndiye aliyetiwa pingu. Maana kila mtu Ikonge alijua kwamba Nyamusi hapatani na penisilini, na kila mtu Ikonge alijua kwamba Nyamusi na Kemuma walikuwa majirani waliogombania mstari mmoja wa michai kwenye mpaka wao kwa miaka sita. Dunia nayo haina dogo: wengine walisema hata ile sindano ya pili ilikuwa ya kufunika ya kwanza.

Nyamusi alikuwa hospitalini Kisii, anapumua kwa mashine, hajasema neno. Kemuma alikuwa apelekwe mahakamani kesho Jumatatu asubuhi kwa kosa la kujaribu kuua. Na kama usiku ungepita vibaya kule Kisii, neno "kujaribu" lingefutwa.

"Ulimuuliza kama anakatazwa dawa?" Anyiko alisema.

"Nilimuuliza. Aligeukia ukuta."

"Kwa nini?"

"Afande, mimi na yeye hatujasalimiana tangu mwaka wa mafuriko. Alikuwa anipe mguu tu, asinipe mdomo."

Alipofungua tena kinywa, sauti ya Kemuma ilikuwa imebadilika. Alisema kwamba siku tatu amekuwa akiiangalia ile skrini kichwani. Akilala anaiona nyeupe. Akiamka anaiona nyekundu. Kwenye programu ile, mgonjwa mwenye dawa inayomkataa huwa na sanduku jekundu juu ya kadi, kubwa, la kuonekana na kipofu. Asiye nayo, pale pako peupe. Sasa yeye hakuwa na uhakika tena. Mtu akimchukia mwenzake miaka sita, je, macho yake hayawezi kumfichia?

"Leta ile karatasi ya kukiri mkuu wako anataka," Kemuma alisema taratibu. "Nitie sahihi. Labda nilitaka kumuua kweli."

Anyiko alikuwa amewahi kuona watu wakiungama kwa hofu, wakiungama kwa kiboko, wakiungama kwa ulevi. Huyu alikuwa anaungama kwa sababu ya ndoto. Akakunja faili, akamwambia karatasi haitaletwa kabla ya jioni, na kwamba hadi jioni asiseme na mtu yeyote, hata na mkuu wa kituo. Mkuu wa kituo angeipokea sahihi hiyo kwa mikono miwili na chai juu yake.

*

Ushahidi dhidi ya Kemuma ulikuwa mmoja, na ulikuwa mgumu kama ukwato wa fahali. Programu ya zahanati iliweka ukurasa wa waliofungua kila kadi: jina, siku, saa. Kadi ya Nyamusi ilikuwa imefunguliwa mara tatu tu. Januari, na Valentine wa mapokezi, aliyeiandika upya kutoka kwenye daftari la mgonjwa, penisilini ikiwemo. Ijumaa saa nane, na Kemuma. Na Ijumaa jioni, na Daktari Mogire mwenyewe, mbele ya polisi. Akakuta pale pa mzio ni peupe, polisi wakapiga picha, kisha akaandika penisilini tena kwa mkono wake ili asije mwingine akakosea. Basi hesabu ya mtoto: mtu wa kwanza aliandika, wa tatu alikuta pamefutwa. Aliyefuta ni wa pili.

Isipokuwa awe mtu anayeweza kuingia bila kuacha jina. Mtu wa namna hiyo alikuwa mmoja, Abdirahim Gulled, kijana wa mjini Kisii aliyeitunga programu hiyo kwenye chumba kilicho juu ya duka la vitambaa la mama yake. Na Mogire ndiye aliyemtaja, akanong'ona kwamba mwezi jana alimwambia huyo kijana atatafuta mtu mwingine Nairobi. Jumamosi nzima Anyiko alimweka Abdirahim kwenye kibano. Ijumaa yote alikuwa kwenye nikahi ya dada yake Ruqiya, kompyuta yake ikiwa imefungiwa kabatini na mama yake ili asiiguse, na mashahidi walikuwa watu mia tatu na mpishi wa pilau. Anyiko alipokuwa anakunja daftari, kijana akamkumbusha kwa adabu: "Lakini afande, ningeweza kuifuta Alhamisi."

Mwenye hatia hamkumbushi askari. Anyiko alimwambia aje Kebirigo Jumapili saa saba na kompyuta yake.

Kabla ya hapo alikwea kwenda Ikonge. Alitaka kitu cha karatasi. Skrini inaweza kuwa nyeupe leo na nyekundu kesho, lakini wino ukikauka umekauka, na kila mgonjwa wa sehemu hizi alikuwa na daftari lake la shule la kubebea maneno ya daktari kabla kompyuta hazijaja.

Nyumba ya Nyamusi ilikuwa chini ya barabara, katikati ya chai, na chai yenyewe haikuonekana ila kwa harufu yake mbichi. Mama mkwe wake alitokea mlangoni na mtoto mgongoni. Anyiko alimwamkia "Bwakire, Magokoro," kwa lafudhi ya ziwa, na bibi akaitikia huku akicheka kidogo, akasema Kiswahili chake yeye ni cha soko tu, lakini kitatosha. Mtoto alikuwa Natasha, mwaka mmoja na nusu, mapua yamejaa, macho makubwa ya kumshangaa polisi. Alinyoosha mkono akashika kifungo cha koti la Anyiko na hakukiachia mpaka mwisho wa mazungumzo.

Daftari lililetwa likiwa ndani ya mfuko wa unga. Ukurasa wa kwanza uliandikwa NYAMUSI, na chini yake, kwa wino mwekundu wa miaka saba iliyopita, HAPATANI NA PENISILINI, imepigiwa mistari mitatu. Anyiko alipiga picha. Aligeuza kurasa, akafika katikati, na maandishi yakaisha. Kisha yakaanza tena kutoka upande wa nyuma, yamepinduka kichwa chini. Akalipindua daftari. Jalada la nyuma liliandikwa NATASHA.

"Wanatumia daftari moja?"

"Ni nyumba moja," bibi alisema. "Mama anaanza mbele, mtoto anaanza nyuma. Kwani wanaumwa siku moja?"

"Wote hapa wanafanya hivyo?"

"Wewe unataka mtu anunue daftari ya kila mtoto?"

Upande wa Natasha ulikuwa na chanjo, uzito, kuhara mara moja. Hakuna nyekundu popote. Bibi alieleza kwamba tangu Januari daktari alikataa madaftari, kila kitu ni kompyuta. Wiki tatu zilizopita mtoto alikohoa sana, Nyamusi akiwa anachuma, na yeye bibi ndiye aliyempeleka. Daktari Mogire mwenyewe alimtibu. Aliangalia kompyuta, akauliza kama mtoto anakatazwa dawa yoyote. "Nikamwambia, huyu? Huyu anakula hata majivu."

Anyiko aliliandika hilo pia, kwa sababu alikuwa mtu wa kuandika yote, akaomba kuondoka na daftari, kisha akamfungua mtoto vidole kimoja kimoja kutoka kwenye kifungo chake.

*

Zahanati ilikuwa na wagonjwa wachache, wamekaa kwenye benchi wakitoa mvuke puani. Valentine wa mapokezi, msichana mpole mwenye sweta la zambarau, alifungua kadi ya Nyamusi. Sanduku jekundu lilikuwa pale juu: PENISILINI. Mogire alisimama nyuma yao, mikono ndani ya koti jeupe, mtu mrefu mwenye sauti ya mhubiri. Alisema kwa mara nyingine kwamba inamuuma kama mzazi, maana ni yeye mwenyewe aliyemfundisha Kemuma, lakini sheria ni msumeno.

Anyiko alimwomba Valentine afungue na kadi ya mtoto. Alitaka tu kulinganisha kikohozi cha wiki tatu zilizopita na maneno ya bibi, kazi ya kawaida ya kuweka tiki.

Kadi ikafunguka. Juu yake palikuwa na sanduku jekundu. PENISILINI.

Anyiko alilitoa daftari kwenye mfuko wa unga, akalipindua, akasoma upande wa Natasha tangu mwanzo hadi mwisho kwa kidole chake. Chanjo, uzito, kuhara. Alimtazama Valentine.

"Nani aliandika hii?"

"Si mimi, afande. Kweli kabisa si mimi."

"Fungua ukurasa wa waliofungua."

Kadi ya Natasha ilikuwa imefunguliwa mara mbili maisha yake yote kabla ya dakika ile. Januari, na Valentine. Wiki tatu zilizopita, na Mogire, siku ya kikohozi. Baada ya hapo hakuna mkono wa binadamu ulioigusa. Nje ukungu ulikuwa umeegemea kioo, na kwenye kioo hicho sanduku jekundu lilionekana mara ya pili, hafifu, likielea kati ya michai. Mogire alisema kompyuta zina wazimu wake. Sauti yake ya mhubiri ilikuwa imepungua, na Anyiko aliliona hilo akaliweka pembeni.

Aliuliza swali rahisi ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza tangu Ijumaa: Januari, kadi ya Natasha iliandikwaje?

Valentine aliona haya. Siku zile, alisema, watu walikuja na madaftari mia nne kwa wiki moja. Mama na mtoto wako kwenye daftari moja, kijiji kimoja, simu moja, mtu wa karibu yuleyule. Angeandika mara mbili mpaka lini? Kwenye programu kulikuwa na kitufe cha kunakili kadi. Basi alimaliza ya mama, akabonyeza Nakili, ikatoka kadi ya pili sawa na ya kwanza, akabadilisha jina na umri, akaendelea na mwingine. Ile penisilini ya mama alisahau kuitoa kwa mtoto. Labda ndiyo hiyo, ilikuwepo tangu Januari.

Lilikuwa jibu zuri, na lingetosha kama isingekuwa bibi. Wiki tatu zilizopita Mogire aliangalia kompyuta ndipo akauliza habari ya dawa, kama mtu aliyeona kitu pale. Anyiko alianza kugeuka amtazame daktari, lakini mlango ukafunguliwa na Abdirahim akaingia, amejifunga shali ya mama yake shingoni, meno yakigongana kwa baridi.

*

Anyiko hakumweleza chochote. Alimwambia Valentine aandike neno kwenye kadi ya mama, neno lolote ambalo halipo mahali popote kwenye madaftari, aone kama kadi hizo mbili bado zimeshikana.

Valentine alifikiri, akaandika KARANGA. Akahifadhi, akafunga.

"Sasa fungua ya mtoto."

Sanduku jekundu lilikuwa limepanuka. PENISILINI, KARANGA. Mmoja wa wagonjwa kwenye benchi, aliyekuwa amenyoosha shingo kutazama, alijipiga ishara ya msalaba.

"Futa karanga hapohapo kwa mtoto."

Valentine akafuta. Wakafungua ya mama. Karanga haikuwepo.

Abdirahim alikuwa amesahau baridi. Aliketi kwenye kiti cha Valentine bila kuomba, akafungua maandishi ya programu yake, mistari mingi midogo ikipanda na kushuka, akaisoma midomo ikitikisika kama mtu anayeswali. Kisha akajishika kichwa kwa mikono miwili.

"Nani alitengeneza kadi mpya kwa Nakili? Kile kitufe ni cha barua. Ukimtuma mgonjwa Kisii, unanakili kadi, unaichapa, basi. Sikuwahi kufikiri mtu atakitumia kuzaa mgonjwa mwingine."

"Nieleze kama ambavyo ungemweleza mama yako," Anyiko alisema.

Kijana alitafuta maneno. Alisema kwamba ndani ya kompyuta kuna vitu vya aina mbili. Kuna vitu vidogo, kama jina, kama umri, na hivyo hukaa ndani ya kadi yenyewe. Ukinakili kadi, jina nalo hunakiliwa, linakuwa lako peke yako. Ni sawa na kung'oa chipukizi la mgomba kwako ukalipanda kwa jirani; akiukata wake, wako hautikisiki. Hiyo huitwa thamani. Lakini kuna vitu vinavyoweza kuwa virefu, kama orodha ya dawa zinazomkataa mtu, na hivyo havikai ndani ya kadi. Vinakaa mahali pengine kwenye kumbukumbu, na kadi inabeba anwani tu ya kufikia hapo. Anwani hiyo huitwa kielekezi.

"Chukua karatasi, afande, andika njia ya kwenda kwa Nyamusi. Shuka kwa barabara, pita kituo cha kununua chai, mlango wa kijani. Nakili hiyo karatasi mara ya pili. Una karatasi ngapi?"

"Mbili."

"Na nyumba?"

Anyiko aliiona ile nyumba chini ya barabara, ndani ya weupe, na watu wawili wakiiteremkia kutoka pande mbili, kila mmoja na karatasi yake, kila mmoja akidhani nyumba ni yake.

"Moja," alisema. "Na wa kwanza akiung'oa mlango, wa pili anakuta nyumba haina mlango."

"Na hajui nani aliung'oa. Maana kitabu changu kinaandika nani alibeba karatasi ipi. Hakiandiki nani aligusa nyumba." Abdirahim alikuwa anakaribia kulia, na hakuficha. "Hili ni somo la wiki ya pili, afande. Wiki ya pili! Kila anayejifunza anachapwa nalo. Ningenakili orodha yenyewe, mstari mmoja tu zaidi. Sikuuandika."

Basi jina lilikuwa mgomba, na penisilini ilikuwa mlango. Siku zote tatu walikuwa wakiuliza nani alifungua kadi ya mama, na hawakuuliza nani alifungua kadi ya mtoto.

Anyiko aligeuka. Mogire alikuwa ameketi kwenye benchi la wagonjwa, kati ya mzee na mwanamke mwenye kikapu, na hakuna aliyejua alikaa saa ngapi.

"Daktari," Anyiko alisema kwa upole, "siku ya kikohozi, ulipofungua kadi ya Natasha, uliona rangi gani?"

"Nyekundu." Alikuwa anayatazama mapaja yake. "Nikashangaa. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu, hajawahi hata kudungwa dawa hiyo. Nikamuuliza bibi yake, akacheka. Nikajua Valentine amekosea. Nikafuta."

"Ukafuta kwa mtoto."

"Kwa mtoto. Sikumgusa mama. Naapa sikumgusa mama."

"Najua. Na baadaye ulimwambia nani?"

Hakumwambia mtu. Lilikuwa kosa dogo la karani, alilirekebisha, akampa mtoto dawa yake, akamwita mgonjwa mwingine, na kufikia jioni alikuwa amekwisha kulisahau. Wiki tatu baadaye akasimama mbele ya polisi na sauti yake ya mhubiri akasema aliyefuta ni Kemuma, kwa sababu kitabu kilisema hivyo, na yeye alikiamini kitabu kuliko alivyomwamini Kemuma aliyemfundisha mwenyewe. Hayo ya mwisho aliyasema mwenyewe, bila kuulizwa, na mwanamke mwenye kikapu akasogea kidogo pembeni.

Anyiko alimpa karatasi na kalamu. Alimwambia aandike hivyohivyo alivyosema, bila kupamba. Kisha akamuuliza Abdirahim swali ambalo lilikuwa limeanza kumwasha: Valentine alibonyeza kile kitufe mara ngapi?

Ilichukua robo saa. Abdirahim aliiambia kompyuta itafute orodha zote zinazoelekezwa na kadi zaidi ya moja. Majina yalipanda kwenye skrini polepole, nyumba baada ya nyumba, Nyamache, Ikonge, Kebirigo, mama na mwana, mama na mapacha, bibi na wajukuu wanne. Kadi mia moja na tisini zilikuwa zinashiriki orodha. Nyingi zilikuwa tupu, hazina madhara. Kwa nakala ya akiba ya Januari, thelathini na saba zilikuwa zimewahi kuwa na nyekundu, na kati ya hizo, kumi na moja leo zilikuwa nyeupe.

Valentine tayari alikuwa na simu sikioni. Alipiga namba ya kwanza, akauliza kwa Ekegusii kama mama yuko nyumbani na kama kuna mtu amemdunga kitu chochote mwezi huu. Akasikiliza. Akapumua. Akaweka alama na kupiga ya pili.

*

Mkuu wa kituo alisoma maelezo ya Mogire mara mbili na picha za skrini mara tatu. Alisema haelewi habari ya migomba, ila anaelewa daktari anaposema nimefuta mimi. Alitia sahihi karatasi ya kumwachilia Kemuma huku akinung'unika kwamba enzi za madaftari mambo yalikuwa wazi.

Ilikuwa saa kumi na moja. Ukungu ulikuwa umeinuka kidogo, na kwa mara ya kwanza siku hiyo mlingoti wa bendera ulionekana wote, pamoja na ng'ombe aliyefungwa chini yake. Anyiko alipita uani akiwa na funguo mkononi. Simu yake ililia kabla hajafika mlangoni. Alisikiliza akiwa amesimama, akauliza maneno mawili, akasikiliza tena, kisha akaiweka mfukoni na kwenda kufungua mlango.

Kemuma alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani. Alipoona faili alinyoosha mkono kupokea kalamu.

"Hakuna sahihi," Anyiko alisema.

Aliketi naye pale chini, sketi ya kazi kwenye simenti, akamweleza yote. Kadi mbili na nyumba moja. Mogire na kikohozi. Karanga. Kemuma alisikiliza bila kupepesa, na mwisho akauliza jambo moja tu, kwa sauti ya mtu anayeogopa jibu.

"Kwa hiyo ilikuwa nyeupe?"

"Ilikuwa nyeupe. Macho yako yaliona sawa."

"Haikuwa mimi. Haikuwa ile chuki."

"Chuki ni yako, sista, fanya nayo unavyotaka. Lakini skrini ilikuwa nyeupe."

Kemuma alifunika uso kwa viganja. Mabega yake yalitikisika, na Anyiko, ambaye hakuwa mtu wa kushikashika watu, aliweka mkono juu ya bega moja na kuuacha hapo. Baadaye akakumbuka simu.

"Wamepiga kutoka Kisii. Nyamusi ameamka. Wametoa mashine, ameanza kusema."

Viganja vilishuka. "Amesema nini?"

Anyiko alikuwa ameambiwa amfikishie neno kwa neno, na kazi yake ilikuwa kufikisha neno kwa neno.

"Amesema akitoka huko anakuja kuchuma ule mstari wake, na asikute umeugusa hata jani."

Kemuma alimtazama, machozi yakimchuruzika mpaka kidevuni, na mdomo wake ukaanza kuchekacheka wenyewe.

"Mwambie," akasema, "ule mstari ni wangu."